Mtoto Akililia Wembe, Wembe Uwekwe Juu

Ulinzi wa watoto wadogo nyumbani katika Migori na Homa Bay

Methali yasema, mtoto akililia wembe mpe. Wazee waliotunga methali hiyo hawakuwa watu wasio na huruma. Maana yao ilikuwa kwamba mkaidi asiyesikia maonyo aachwe ajifunze kwa maumivu yake mwenyewe. Na kwa kijana mwenye akili timamu, au kwa mtu mzima apendaye ubishi, pengine shauri hilo ni jema. Lakini wako wazazi waitumiao methali hiyo kama ilivyo, na kwa mtoto ambaye hajatimiza hata miaka minne. Mtoto akitambaa kuelekea motoni husema, "Mwacheni, akiungua mara moja hatarudia." Neno hilo lastahili kuchunguzwa, kwa sababu mtoto wa umri huo akiungua mara moja, huenda mara hiyo moja ikawa ndiyo ya mwisho.

Watu wa kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa pamoja katika wilaya ya Nyanza Kusini, wamejitahidi sana kuwalinda watoto wao na maradhi. Nchi ya kando ya ziwa ni nchi ya mbu, na malaria imewachukua watoto wengi tangu zamani. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Kenya, na mahali palipochaguliwa kwa uzinduzi huo palikuwa Homa Bay. Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi tatu za kwanza duniani kuitumia katika utaratibu wa kawaida wa chanjo za watoto, pamoja na Malawi na Ghana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wa nchi za Afrika zenye malaria nyingi. Tena siku hizi ni nyumba chache zisizojua kazi ya chandarua chenye dawa.

Hayo yote ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini mtoto aliyelindwa na chandarua usiku aweza kupotea mchana katika ndoo ya maji iliyoachwa wazi mlangoni. Hakuna chanjo ya moto, wala ya maji, wala ya sumu. Kinga ya mambo hayo ni mpango wa nyumba yenyewe, na mpango huo haungojei daktari wala Serikali. Umo mikononi mwa baba na mama.

MTOTO MDOGO HAONYEKI

Jambo la kwanza ni kufahamu mtoto mdogo ni kiumbe wa namna gani. Katika umri wa miezi minane hivi huanza kutambaa, na kila akiokotacho hukitia kinywani, maana kinywa ndicho chombo chake cha kuchunguzia. Akikaribia mwaka mmoja hushika ukingo wa meza au wa kitambaa ajivute asimame. Akifika mwaka mmoja na nusu hutembea, tena hutembea upesi kuliko mama adhaniavyo. Katika miaka miwili hupanda juu ya kiti na kufungua vifuniko. Nguvu za miguu na mikono zinamjia mapema sana, lakini busara ya kujua matokeo ya tendo yaja baadaye.

Kwa hiyo mzazi aweza kumwambia mtoto wa miaka miwili "Usiguse" mara ishirini kwa siku, na mara ya ishirini na moja mtoto akagusa. Huo si ukaidi. Hawezi bado kulishika onyo na kulikumbuka wakati kitu chenyewe king'aacho kiko mbele yake. Kumpiga hakumwongezei akili hiyo kabla ya wakati wake.

Tena mwili wake haufanani na wa mtu mzima. Ngozi yake ni nyororo, na chai ambayo baba huinywa kwa raha yaweza kumchubua kifua kizima. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili, kwa hiyo akiinama juu ya ndoo hupinduka kichwa chini, wala hana nguvu za kujitoa. Njia yake ya pumzi ni nyembamba, na punje moja ya njugu yatosha kuiziba.

Basi ikiwa mtoto haonyeki, kilichobaki ni kuionya nyumba. Kila kitu cha hatari kiulizwe swali moja: Je, mkono wa mtoto wafika hapa? Kama wafika, kitu hicho kiinuliwe, au kifunikwe, au kifungiwe.

MOTO NA VITU VYA MOTO

Katika nyumba nyingi za mashambani moto huwashwa chini, kati ya mafiga matatu. Mahali hapo ni sawasawa na kimo cha mtoto atambaaye. Wengi hudhani kwamba hatari kubwa ni miali ya moto, na kweli ni hatari. Lakini watoto wadogo huumizwa mara nyingi zaidi na vitu vya majimaji vilivyochemka, yaani uji, chai, maji ya ugali na mchuzi. Sufuria iliyotuliwa sakafuni ipoe ni mtego kwa mtoto arudiye nyumanyuma akicheza. Kikombe kilichowekwa juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia ni mtego mwingine, kwa sababu mtoto akivuta kitambaa ajiinue, chai yote humwagikia usoni.

Dawa ya jambo hili ni kuinua jiko. Jukwaa la matofali na udongo lenye kimo cha kiuno cha mama laweza kujengwa na baba kwa siku chache, nalo humpunguzia mama maumivu ya mgongo pia. Zaidi ya hayo liko jiko la udongo uliochomwa, lijengewalo ndani ya tope mahali pake lisiweze kupinduka. Katika miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilishiriki katika kulieneza jiko hilo, hata likaitwa Maendeleo. Baadaye likajulikana kwa jina la Upesi, na vikundi vya wanawake wafinyanzi wa Nyanza vikajipatia riziki kwa kulitengeneza. Watu wengi hulisifu kwa sababu hupunguza kuni na moshi. Yafaa lisifiwe pia kwa sababu moto wake umezungukwa na ukuta na sufuria yake hukaa imara.

Mishikio ya sufuria ielekezwe ukutani, wala si upande wa njia. Mlango wa jikoni uwe na kizuizi cha mbao au cha fito chenye kimo cha kifua cha mtoto, ili mama aone nje na mtoto asiingie. Taa ya kibatari isiwekwe sakafuni wala karibu na chandarua, maana chandarua hushika moto kwa kufumba na kufumbua. Penye uwezo, taa ndogo ya nguvu za jua huondoa hatari hiyo kabisa. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto huku madirisha yamefungwa, kwani makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo yaweza kuua watu wote waliolala.

Tena kuna moto ambao wazee hawakuwa nao, nao ni bomba la moshi la pikipiki. Pikipiki ya bodaboda ikirudi kutoka safari ya Rongo au Oyugis na kuegeshwa uani, bomba lake hubaki la moto kwa muda mrefu, tena liko katika kimo cha mkono wa mtoto. Mwenye pikipiki aiegeshe upande ule bomba linaoelekea ukuta au ua.

MAJI YA ZIWANI NA MAJI YA NDOONI

Watu wa Mbita, Rusinga, Mfangano, Kendu Bay, Karungu na Muhuru wamekaa na ziwa tangu vizazi vingi, nao hulijua kama mkulima ajuavyo shamba lake. Hata hivyo, kulijua ziwa ni elimu ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani pote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa ajili hiyo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kila mwaka, tangu 2021, iwe siku ya kukumbusha watu juu ya kuzuia vifo vya maji.

Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia kelele wala nguvu ya kupunga mkono, na baada ya dakika chache mambo huwa yamekwisha. Mama aliye umbali wa hatua kumi, ameinama akianika omena, aweza asisikie kitu chochote. Kwa hiyo neno "nitamsikia" lisitumainiwe kamwe karibu na maji.

Wala hatari haiko ziwani peke yake. Maji yenye kina kisichozidi upana wa kiganja yaweza kumwua mtoto aliyeanguka kifudifudi. Ndoo, karai la kufulia, pipa la kukingia mvua na birika la ng'ombe ni hatari za kila nyumba, hata huko Kuria na Ndhiwa ambako ziwa halionekani. Karai limwagwe mara kazi ikiisha. Pipa liwe na kifuniko kizito kilichofungwa kwa kamba. Kisima kizungushiwe ukuta mfupi na kufunikwa kwa mbao. Choo cha shimo kiwe na mlango wenye komeo la juu, na tundu lake lifunikwe.

Katika Nyatike na sehemu nyingine za Migori zenye dhahabu, kuna mashimo yaliyochimbwa na kuachwa wazi. Mvua ikinyesha hujaa maji ya tope, na mtoto hawezi kupambanua dimbwi la kuchezea na shimo lenye kina cha watu watatu. Aliyechimba shimo na kuliacha amemtegea mtoto wa jirani yake. Jambo hili ni la kusemwa katika baraza la chifu, ili mwenye kuchimba alazimike kufukia, na kabla hajafukia aweke ua wa miiba.

Walio kando ya mito ya Kuja na Migori wakumbuke pia kwamba mto unapofurika hubadili kingo zake. Mahali palipokuwa salama mwezi wa Januari si salama mwezi wa Mei.

SUMU KATIKA CHUPA YA SODA

Mafuta ya taa hununuliwa kwa vipimo vidogo dukani, na mnunuzi huja na chombo chake. Mara nyingi chombo hicho ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto aliyekwisha kuonjeshwa soda siku ya Krismasi hukumbuka umbo la chupa, wala hajui kusoma wala kunusa kwa tahadhari. Akinywa, mafuta huingia tumboni na baadhi yake huweza kuingia katika mapafu, na humo ndimo hudhuru zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za shambani. Mkulima wa tumbaku wa Kuria au Uriri ana dawa za kuua wadudu. Mkulima wa mboga na mwenye mifugo, mmoja ana dawa ya viwavi na mwingine dawa ya kupe. Mahali pa kawaida pa kuziweka ni chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Lakini chini ya kitanda ni chumba cha mtoto; humo hujificha na kucheza. Dawa hizo zibaki katika vyombo vyake vya asili, zifungiwe katika sanduku lenye kufuli, na sanduku liwekwe juu, nje ya nyumba ya kulala. Kopo lililokwisha dawa lisigeuzwe kuwa kikombe cha maji, hata likioshwa mara saba.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi vyahitaji neno la peke yake. Baadhi ya vidonge hivyo, vikipata unyevu wa hewa, hutoa gesi ya kuua fukusi, na gesi hiyo haibagui fukusi na mtu. Mkulima mwenye nyumba ndogo, akiogopa kuibiwa, huweka magunia chumbani, akatia vidonge, kisha familia yote ikalala papo hapo. Mahindi yaliyotiwa vidonge vya namna hiyo yasikae katika nyumba ya kulala hata usiku mmoja. Leo kuna mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwakosesha pumzi bila dawa yoyote. Nayo yafaa sana kwa mwenye watoto wadogo.

Wachimbaji wa dhahabu nao wana sumu yao, ambayo ni zebaki. Huichanganya na mchanga wa mawe yaliyosagwa ili ishike dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo zebaki iondoke. Zebaki haipotei, hugeuka mvuke usioonekana, ukaingia katika pumzi za waliomo na kutua katika kuta, vyombo na nguo. Wanaodhurika zaidi ni watoto walio tumboni na wale wadogo, kwa sababu ubongo wao ungali unajengwa. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa na mataifa mwaka 2013, umetaja uchomaji huo katika maeneo ya makazi miongoni mwa matendo yapasayo kukomeshwa. Basi asiwepo mtu atakayechoma zebaki jikoni, wala katika sufuria ya chakula. Na nguo za machimbo zivuliwe nje kabla mtoto hajapakatwa.

Hata ua wa nyumba utazamwe. Mnyaa ni mti mzuri wa boma, lakini utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vibaya. Ukikatwa karibu na watoto, matawi yaondolewe siku ile ile.

VITU VIDOGO VYA KUKABA KOO

Homa Bay ni nchi ya njugu karanga, na hakuna mgeni aondokaye bila kuonjeshwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe punje nzima za njugu, wala mahindi ya kukaanga. Njugu zisagwe zitiwe katika uji, na hapo zitamjenga mwili. Sarafu, vifungo na mbegu visiachwe sakafuni. Kuna pia betri ndogo za mviringo mfano wa sarafu, ambazo siku hizi zimo katika taa ndogo na vitu vya kuchezea. Mtoto akiimeza moja, ikakwama kooni, yaweza kumchoma kwa ndani katika muda wa saa mbili tu. Huyo apelekwe hospitali papo hapo, hata akionekana mzima.

NANI AMTAZAMAYE MTOTO SAA ZA ASUBUHI?

Ujenzi wote uliotajwa wapunguza hatari, lakini hauondoi haja ya jicho la mtu. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawajalitafakari.

Zamani, katika boma la Kijaluo, mtoto mdogo alikabidhiwa kwa japidi, yaani mlezi, ambaye kwa kawaida alikuwa dada yake mkubwa au binti wa ndugu. Pale ambapo hapakuwa na msichana, mvulana alipewa kazi hiyo. Mtaalamu wa Kimarekani, Carol Ember, aliyewachunguza watoto wa Oyugis mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba wavulana waliopewa kazi za nyumbani kama hizo walikuwa na tabia ya upole kuliko wenzao. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba ulezi humharibu mvulana hana ushahidi wake Oyugis.

Lakini japidi wa leo yuko shuleni, na ndipo panapompasa kuwa. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure nchini Kenya mwezi wa Januari 2003, watoto wengi zaidi wameingia darasani, nalo ni jambo jema lisilopaswa kurudishwa nyuma. Matokeo yake ni kwamba kuanzia saa mbili asubuhi hadi mchana mama amebaki peke yake na mtoto, na saa hizo ndizo za kulima, kuchota maji, kufua na kupika. Baba yuko ziwani, au kazini mjini Migori, au machimboni. Mtoto yuko nyumbani, lakini hana mtu.

Nchi ya Bangladesh, ambayo ina madimbwi na mito karibu na kila nyumba, iliona kwamba watoto wake wengi hufa maji katika saa hizo hizo za kazi za asubuhi. Wanavijiji wakafundishwa kuwakusanya watoto wadogo katika nyumba moja, chini ya mama mmoja aliyefunzwa, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana. Vifo vikapungua sana miongoni mwa watoto waliohudhuria. Shirika la Afya Duniani sasa hushauri mpango wa namna hiyo kwa nchi zenye hatari ya maji.

Jambo hilo si geni hata likashindikana katika Karungu au Sindo. Wanawake wa ziwani wana vyama vyao vya kuweka fedha, na fuo zina kamati zake za usimamizi. Kumi kati ya akina mama waanikao omena waweza kupeana zamu, kila mmoja akae siku moja na watoto wote ndani ya ua uliofungwa, mbali na maji, na siku tisa zilizobaki afanye kazi yake kwa moyo mtulivu. Mama wa zamu asifanye kazi nyingine yoyote siku hiyo, wala asikabidhi watoto kwa mtoto mwenzao wa miaka sita. Wanaume wa kamati wachange fito na mabati ya kivuli. Tena wako wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini Kenya, waliokabidhiwa vifaa vyao mwaka 2023 ili watembelee nyumba za watu. Mhudumu akija kupima mtoto, mwenye nyumba amwombe pia aitazame nyumba.

HATARI IKITOKEA

Hata penye uangalifu ajali huweza kutokea, na dakika za kwanza zina thamani kubwa kuliko saa zifuatazo.

Mtoto aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, polepole, kwa muda wa dakika 20. Kama hakuna bomba, yamwagwe kwa kata. Nguo iliyolowa maji ya moto ivuliwe, isipokuwa imegandamana na ngozi. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Asipakwe samli, wala yai, wala mavi ya ng'ombe, wala dawa ya meno, kwa sababu vitu hivyo huzuia joto lisitoke na huleta uchafu katika kidonda.

Aliyekunywa mafuta ya taa au dawa asitapishwe, maana akitapika mafuta yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue ni sumu gani.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo. Alazwe chali mahali pagumu, apulizwe pumzi tano kinywani na puani, kisha kifua kibonyezwe kwa nguvu mara 30 na kupulizwa mara mbili, na kazi hiyo iendelee njiani hadi msaada upatikane.

Aliyekabwa na kitu, akiwa hawezi kulia wala kukohoa, alazwe kifudifudi juu ya paja, kichwa kikielekea chini, apigwe mgongoni kati ya mabega mara tano. Kidole kisichokolewe kooni bila kukiona kitu, maana huzidi kukisukuma ndani.

KAZI YA SIKU MOJA

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya matajiri wa mjini. Lakini hebu yahesabiwe. Kifuniko cha pipa, komeo la choo, kufuli ya sanduku, fito za kizuizi cha mlango, na udongo wa kuinulia jiko; vingi kati ya hivyo vyapatikana shambani bila fedha, na vilivyobaki havifikii nauli ya kumkimbiza mtoto usiku kutoka Mfangano hadi hospitali ya rufaa ya Homa Bay, achilia mbali majuma ya kulazwa na msimu wa kulima uliopotea.

Tena kazi hii isiachiwe mama peke yake. Ni desturi mtoto akiungua mama ndiye alaumiwaye, ilhali jiko lililo chini na pipa lisilo kifuniko ni kazi za ujenzi, na ujenzi wa boma ni wa baba. Baba mwenye kusoma habari hii na achague siku moja. Siku hiyo apige magoti mlangoni mwake, atambae kupita chumba kwa chumba, jikoni, na uani mpaka chooni, akitazama kwa kimo cha mtoto na kunyosha mkono kila afikapo. Ataona mambo ambayo hakupata kuyaona tangu aijenge nyumba ile: ukali wa panga lililoegemezwa ukutani, chupa chini ya kitanda, mshikio wa sufuria, maji yanayong'aa karaini. Akimaliza asimame, ajipanguse magoti, achukue nyundo na misumari, aanze kazi.